Udi Ina Tyuni Ngapi? Ufafanuzi kwa Anayeanza Kuipakata

Waulize wapigaji watatu wa hapa Unguja udi, ile ala ya nyuzi ya taarabu, hutyuniwa vipi, na usishangae ukipata majibu manne. Wa kwanza atakuhesabia C, F, A, D, G, C. Wa pili, mtu mzima kidogo, ataikataa hiyo F: pale pana G, ndivyo alivyofundishwa. Wa tatu hatakujibu, ila atakuuliza wewe unapiga na nani. Jibu la nne litatoka kwenye simu yako, ile programu ya kutyuni uliyoipakua jana, ambayo itashikilia kwamba uzi wako mnene kabisa unalia G wakati hakuna hata mmoja kati ya wale watatu aliyesema hivyo.

Mkanganyiko huu hauishi. Kila baada ya tamasha la Sauti za Busara pale Ngome Kongwe unarudi upya, maana hapo ndipo vijana wengi huiona udi kwa karibu wakaitamani. Wanaazima, wananunua, wanaletewa na jamaa kutoka Maskati au Dubai, halafu wiki ya kwanza uzi unakatika na udi inatundikwa ukutani. Wenyewe husema hawana sikio. Mimi naona masikio yao hayana tatizo lolote. Wanatafuta tyuni moja sahihi, na udi haina kitu hicho.

Tuanze na maneno.

Udi ya kawaida ina nyuzi 11. Kumi zimepangwa mbili mbili, jozi tano, na nyuzi za jozi moja hutakiwa kulia sauti ile ile. Wa kumi na moja ni mnene na uko peke yake. Ukiipakata udi, huo mnene uko karibu na uso wako, na jozi nyembamba kabisa iko upande wa magoti. Hapo ndipo watu huanza kupotezana, kwa sababu uzi ulio juu kwa mahali ndio wa chini kwa sauti. Katika makala hii nikisema juu au chini nazungumzia sauti.

Kutyuni ni kukaza au kulegeza uzi mpaka utoe sauti unayoitaka. Kazi hiyo hufanywa kwa vigingi, vile vijiti vya kichwani ambavyo uzi umesokotwa kwavyo. Uzi ukikazwa hutikisika haraka zaidi na sauti hupanda, ukilegezwa hushuka. Mtikisiko huo unahesabika. Uzi wa A kwenye udi hutikisika mara 110 kwa sekunde. A inayofuata juu yake ni 220, na ya juu ya hiyo ni 440. Namba 440 uliyoiona imeandikwa pembeni kwenye programu ya simu ndiyo hiyo: ni A ambayo dunia imekubaliana kuanzia hesabu zake.

Herufi za noti ni saba tu, A mpaka G, kisha zinarudia. Kwa hiyo kuna C nzito na C nyembamba, na zote zinaitwa C. Likumbuke hili, kwa sababu nusu ya nyuzi zinazokatika hukatikia hapa.

Kuna na suala la do, re, mi. Wengi wetu tulizisikia shuleni, na kwa namna tulivyofundishwa do inahama: mwimbaji akianzia chini, do iko chini, akianzia juu, do imepanda naye. Herufi hazihami. Lakini mwalimu wa Kimisri unayemtazama kwenye video anaposema do, sol, re, la, anazitumia kwa njia nyingine kabisa. Kwake do ni C siku zote, sol ni G, re ni D, la ni A. Ukichanganya desturi hizi mbili utazunguka kigingi mpaka usiku.

Mwisho, masafa. Kutoka noti moja hadi nyingine tunahesabu kwa sauti nzima, kama C hadi D, na nusu sauti, kama E hadi F. Ukihesabu C, D, E, F umepita noti nne, na masafa hayo huitwa pengo la nne. Ndilo pengo kubwa la udi. Kati ya nyuzi zake nyingi, uzi mmoja na jirani yake wamepishana kwa pengo hilo. Si jambo la jana: al-Kindi, mwanafalsafa wa Baghdad wa karne ya 9, alieleza udi ya nyuzi nne ambazo kila moja imepishana na mwenzake kwa pengo la nne.

Mapengo kwanza, herufi baadaye

Fundi seremala akitengeneza mlango na fremu yake kwa kutumia kijiti kimoja alichokikata mwenyewe kuwa kipimo, hana haja ya kujua ni sentimita ngapi. Mlango utaingia na utafunga, ilimradi kijiti kisibadilike katikati ya kazi. Shida huja pale anapoagizwa mlango wa kuingia kwenye fremu iliyokwisha simamishwa kwenye nyumba ya mtu mwingine. Hapo kijiti chake hakimsaidii. Lazima atumie futi ambayo yeye na mwenye nyumba wanaisoma sawa.

Udi ni hivyo hivyo. Ukiwa peke yako chumbani, mapengo baina ya nyuzi yakiwa sawa, wimbo utatoka sawa hata kama nyuzi zote ziko chini kidogo ya pale simu inapotaka. Wapigaji waliotutangulia walitoa taarabu tamu bila simu wala kipimo chochote cha umeme, kwa sababu walishika mapengo. Ile 440 inakuwa na maana siku unapokaa na mwenzio, au unapofuata rekodi.

Na kwenye rekodi pana mtego. Ukizifungua zile za Siti binti Saad, ambaye mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi santuri, udi yako iliyotyuniwa barabara kwa simu inaweza isikubaliane nazo kabisa. Santuri hazikuzungushwa kwa kasi moja wakati wote, si wakati wa kurekodi wala wakati wa kuzinakili, na kasi ikibadilika hata kidogo sauti yote inapanda au kushuka. Udi yako haijaharibika. Ishushe au ipandishe nzima, mapengo yabaki yale yale, uende na Siti.

Ipi uchague

Inasimuliwa kwamba Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alimpeleka Mohamed Ibrahim kwenda Misri kujifunza ganuni, ala yenye nyuzi nyingi. Kikundi cha taarabu cha Ikhwani Safaa kilipoanzishwa mwaka 1905, macho na masikio ya wapenda muziki wa hapa yalikuwa yameelekea Kairo, na yakaendelea kuelekea huko kwa miaka mingi. Ndiyo maana tyuni za Waarabu wa Misri zimekaa kwetu kuliko nyingine.

Ile ya kawaida siku hizi, kutoka uzi mnene hadi mwembamba, ni C, F, A, D, G, C. Mapengo yake ni ya nne yote isipokuwa moja: kutoka F hadi A ni pengo la tatu, dogo kidogo. Anayeanza ningemshauri ashike hii, kwa sababu masomo mengi atakayoyakuta yameandikiwa hii.

Ile ya yule mtu mzima ni ya zamani zaidi. Jozi ya pili kutoka chini inakuwa G badala ya F, na kati ya G na A kuna sauti nzima moja tu. Faida yake ni kwamba una G mbili, nzito na nyembamba, na ukipiga nyimbo zinazotua kwenye G nzito inaunguruma vizuri chini yake. Tena wapigaji wengi huubadilisha ule uzi mnene wa peke yake kufuata wimbo: leo C, kesho D. Hilo si kosa, ndivyo uzi ule ulivyozoeleka kutumika.

Waturuki huvuta udi zao juu zaidi, kwa jumla sauti nzima moja kuliko Waarabu, na udi zao ni fupi kidogo: sehemu ya uzi inayolia ni kama sentimita 58.5, wakati ya Kiarabu inakaribia 61. Wapigaji wengi wa Iraki waliofuata njia ya Munir Bashir wao wana jozi ya F nyembamba iliyo juu hata ya ile C ya mwisho. Kwa hiyo video ya Istanbul, ya Baghdad na ya Kairo zinaweza kukuonyesha mkono ule ule ukishika mahali pale pale, na sauti zikatoka tofauti. Kabla ya kufuata somo lolote, uliza kwanza mwalimu ametyuni vipi.

Lakini uamuzi haukuachiwa wewe peke yako. Seti ya nyuzi huwa imeshaamua. Kila uzi umetengenezwa kwa unene wa sauti fulani, na ukivaa seti ya Kiarabu ukaivuta Kituruki, unaanza kujitafutia balaa. Hesabu ya uzi ni kali. Kupandisha sauti nzima moja kunaongeza mvuto kwa zaidi ya robo. Kupandisha kutoka C hadi C inayofuata kunahitaji mvuto mara nne. Uzi mmoja wa udi kwa kawaida huvuta kama kilo 3 au 4, nyuzi zote 11 zikifika karibu kilo 40, na mzigo huo wote umebebwa na uso wa ubao wenye unene wa milimita kama 2 hivi, na kibao cha daraja, kile kinachofungiwa nyuzi, kilichogundishwa kwa gundi tu juu yake. Ndiyo maana nyuzi za chuma za gitaa la umeme au la kwaya hazifai hata kwa siku moja. Watu hujaribu kwa kuwa zinapatikana, daraja linang'oka na kipande cha uso.

Mshipi wa kuvulia samaki ni habari nyingine. Wapigaji wengi wa udi duniani wameutumia, na sisi watu wa pwani tusione haya. Nailoni ni nailoni. Kwa ile C nyembamba tafuta mshipi wa unene wa milimita 0.6 hadi 0.7, na unene kwa kawaida umeandikwa kwenye kibandiko cha gurudumu lake. Kwa G chukua mnene kidogo, kama 0.8. Kuanzia D kushuka chini mshipi haufai tena, kwa sababu zile nyuzi zimeviringishwa waya mwembamba ili ziwe nzito bila kuwa ngumu.

Simu inasikia nini

Programu ya kutyuni ni chombo kizuri, na wanaosema udi haityuniwi kwa simu nitawajibu hapa chini. Ila ina tabia zake, na asiyezijua itamkatia nyuzi.

Ya kwanza: programu nyingi ukizifungua tu zinadhani umeshika gitaa. Gitaa lina E, A, D, G, B, E. Ukipiga uzi wako wa C, programu haina C kwenye orodha yake, inaruka kwenda kwenye B iliyo karibu na kukwambia uko juu, legeza. Unalegeza. Tafuta kwenye mipangilio mahali pa kuonyesha noti zote 12, yaani zile saba pamoja na za nusu sauti zilizo kati yake, au pa udi kama papo.

Ya pili ni kubwa zaidi. Uzi ukipigwa hautoi sauti moja. Unatikisika mzima, na wakati huo huo unatikisika kwa nusu zake, kwa theluthi zake, na kuendelea. Sikio linazikusanya zote na kusikia uzi mmoja. Maikrofoni ya simu imetengenezwa kwa ajili ya mazungumzo, na uzi mnene wa udi, C yenye mitikisiko 65 tu kwa sekunde, uko chini sana kwake. Haiusikii vizuri. Inachosikia ni ile theluthi, na theluthi ya C inalia G. Hapo ndipo simu inaposema G. Kijana anaona kaambiwa atie C, simu inasema G, basi anakaza aifikie C ya juu, na anakaza, na anakaza.

Dawa yake ni rahisi. Weka risha, kile cha kupigia nyuzi, pembeni. Upige uzi mnene kwa nyama ya kidole gumba, polepole, pale shingo inapoungana na mwili wa udi. Kwenye udi nyingi hapo ni theluthi ya urefu wa uzi, na uzi ukipigwa kwenye theluthi yake ile sauti ya theluthi hunyamaza karibu kabisa. Simu itaiona C. Ikikataa bado, utyuni mwisho kwa sikio, ukilinganisha na C nyembamba.

Ya tatu: zikiwepo, tazama namba ndogo kando ya herufi, zile zinazotofautisha C nzito na C nyembamba. Kwa tyuni ya C, F, A, D, G, C utaona C2, F2, A2, D3, G3, C4. Ukiona D4 mahali pa D3, acha mkono hapo hapo.

Na kama huna simu inayofaa lakini una rafiki mwenye gitaa, umepata msaada mzuri kuliko unavyofikiri. A, D na G za udi ni zile zile za gitaa, uzi wa tano, wa nne na wa tatu, bila tofauti yoyote. C nyembamba ni uzi wa pili wa gitaa ukibanwa kwenye kituo cha kwanza, yaani nafasi ya kwanza kutoka kichwani. F ni uzi wa sita, kituo cha kwanza. Inabaki ile C nzito tu.

Kuikaza yenyewe

Anza na jozi ya G. Si nzito mno wala si nyembamba mno, simu inaisikia na sikio pia. Utyuni uzi mmoja wa jozi tu. Mwenzake uuzuie kwa kidole au umpachike kipande cha kitambaa usilie. Kigingi hushikwa kwa kukizungusha huku unakisukuma ndani ya tundu lake, la sivyo kinarudi nyuma ukikiachia. Na daima ifikie sauti kutokea chini. Ukiipita, usirudi nyuma ukaachia hapo. Shuka chini zaidi, kisha panda. Uzi unaofikiwa kwa kulegezwa huwa na ulegevu uliojificha kichwani, na dakika mbili baadaye utakuwa umeshuka.

Sasa toa kitambaa na upige nyuzi mbili za jozi pamoja. Zikiwa hazijakubaliana utasikia sauti inavimba na kunywea, inavimba na kunywea. Mawimbi hayo yana hesabu: uzi mmoja ukiwa na mitikisiko 196 na mwenzake 194, utasikia wimbi mara mbili kwa sekunde. Ukikaza kidogo wimbi linapungua kasi, linakuwa refu, kisha linapotea na sauti inatulia. Hapo zimekutana. Likianza tena umeshapitiliza. Hakuna simu inayofanya kazi hii vizuri kuliko sikio, na hakuna kipaji kinachotakiwa: mtu yeyote anayesikia injini ya boti ikibadilisha mlio anaweza kusikia wimbi hili.

Ukimaliza G, nenda D, A, F, halafu C nyembamba, na ile nzito mwisho. Kisha rudia zote tangu mwanzo, maana ulipokaza hizi, uso umebonyea kidogo na zile za mwanzo zimeshuka. Nyuzi mpya zitakusumbua siku kadhaa kwa kunyooka. Huo si ubovu wake.

Ukitaka kujihakiki bila chombo, tumia robo ya uzi. Pima kutoka kile kijiti chenye mikato kilicho mwanzoni mwa shingo hadi kwenye daraja. Kama ni sentimita 61, robo yake ni kama 15. Bana uzi wa D hapo: unapaswa kulia sawa na G ya jirani. Bana A hapo hapo upate D, bana G upate C. Kwa lile pengo dogo la F na A, bana F kwenye sehemu ya tano ya urefu, kama sentimita 12.

Hizo robo sauti

Sasa hoja inayosemwa sana barazani: udi ina robo sauti, simu ni ya Kizungu, basi simu haiwezi kuityuni udi.

Nusu ya kwanza ni kweli. Maqamu, yaani ngazi za noti za muziki wa Kiarabu, kama Rasti na Bayati zina noti ambayo haiko kwenye kinanda cha kawaida. Rasti inaanza C, Bayati inaanza D, na zote mbili zinapita kwenye E iliyoshushwa kidogo, ikakaa baina ya E na ile nyeusi iliyo chini yake. Bila E hiyo Bayati inakuwa wimbo mwingine.

Lakini itazame tena orodha ya nyuzi: C, F, A, D, G, C. Hakuna E. Uzi usiobanwa hauna robo sauti yoyote. Robo sauti inaletwa na kidole cha mkono wa kushoto, na inawezekana kwa sababu shingo ya udi ni laini, haina vile vistari vya chuma vya gitaa. Unaweka kidole popote. Simu inatyuni nyuzi, kidole kinatafuta E. Kazi mbili tofauti, na anayeanza akizitenganisha anapata nafuu kubwa. Simu yenyewe inaweza hata kukusaidia: ukiishika E ya Bayati vizuri, mshale wake utakuwa umepotea katikati, hauko E wala hauko kwenye nusu sauti ya chini. Usiirekebishe. Mahali pake hasa hata wapigaji wakubwa hawakubaliani, na hilo hujifunza kwa kumsikiliza mwalimu, si kwa namba.

Unapiga na nani?

Lile swali la mpigaji wa tatu ndilo lenye uzito kuliko yote. Kwenye kikundi cha taarabu kamili, kama vile Culture Musical Club pale Vuga, udi inakaa na fidla, ganuni, akodiani na besi. Fidla inatyuniwa kwa dakika. Ganuni ina nyuzi zaidi ya 70, tatu tatu kwa kila noti, na mpigaji wake hufika mapema kuliko wenzake, akakaa na ufunguo wake kimya. Akodiani haityuniwi pale ukumbini kwa namna yoyote. Ilivyotoka kiwandani ndivyo ilivyo, na kuukuu nyingine ziko juu kidogo ya 440. Basi wote wanaifuata yeye asiyeweza kusogea. Ukifika na udi yako iliyo sawasawa kwa simu na akodiani iko juu, wewe ndiye uliye nje. Omba A, ifuate, halafu zifuatishe nyuzi nyingine.

Akiimba mtu mwenye sauti nzito, kikundi kidogo cha udi na dumbaki kinaweza kushusha nyuzi zote nusu sauti au sauti nzima. Udi inavumilia kushushwa. Kupandishwa ndiko kunakoiua.

Hewa yetu

Masika mbao hunywa unyevu na kuvimba: vigingi vinakwama, ukilazimisha kinavunjika. Ukiingia na udi hiyo hiyo kwenye ukumbi wa hoteli wenye kiyoyozi, mbao zinakauka, vigingi vinaanza kuteleza vyenyewe, na nyimbo mbili za mwanzo zinakwenda kombo. Fika mapema, ifungue udi kwenye mfuko wake, iache izoee hewa ya humo, ndiyo utyuni. Kigingi kinachoteleza kipake chaki ya ubaoni. Kinachokwama kipake sabuni kavu ya mche, kidogo sana.

Mwenye gambusi, kile kibangala cha kizamani kilichochongwa kwa gogo moja, ana kazi zaidi. Uso wake ni ngozi, na ngozi ikipata unyevu inalegea na nyuzi zote zinashuka pamoja. Wapiga ngoma wa kidumbaki huziota moto ngoma zao kabla ya shughuli kwa sababu hiyo hiyo. Gambusi usiiote moto, ina gundi. Iweke mahali pakavu na utyuni tena na tena. Nayo pia imepishana kwa pengo la nne, kwa hiyo ukiijua udi umeshafika nusu ya njia.

Ukisafiri nayo kwenda Pemba kwa boti, shusha nyuzi zote kama sauti nzima moja, usizilegeze kabisa, maana daraja na uso vimezoea mzigo na kuuondoa wote ghafla si jambo zuri. Na usiiache sitahani juani: gundi inalainika kabla mbao haijaonyesha dalili yoyote.

Uzi wa jozi ukikatika katikati ya wimbo, endelea na ule uliobaki. Sauti itapungua unene, lakini noti ipo, na wasikilizaji wengi hawatajua. Baadaye utazame uzi uliokatika umekatikia wapi. Ukikatikia kichwani au kwenye kile kijiti chenye mikato, mkato una ncha kali na utakata na ujao. Usugue kwa msasa mwembamba au uupake risasi ya penseli. Ukikatikia kwenye daraja, fundo lilifungwa vibaya. Ukikatikia katikati ya uzi, rudi kwenye namba ndogo kando ya herufi, uhakikishe hukuwa unaitafuta C ya juu kuliko ile inayotakiwa.